Kiti cha Bethania

Leanne Gethin alikaa safu ya saba kutoka jukwaani akiwa na siri ambayo hakuwa amemwambia mtu hata mmoja. Ilikuwa tarehe moja Machi, siku ya Mtakatifu Daudi, mlinzi wa nchi ya Wales, na shule nzima ya Pant-y-gof ilijazana ukumbini tangu saa tatu asubuhi kwa ajili ya Eisteddfod, tamasha la mashindano ya nyimbo na mashairi. Waliimba wenye sauti na wasio na sauti. Walighani, wakacheza ngoma, na wavulana wa Nedd, moja ya timu za shule, wakapuliza filimbi mpaka mbwa wa mtaa wa jirani wakaitikia. Karibu kila mvulana alikuja na mche wa liki, ile mboga ya jamii ya kitunguu ambayo ni nembo ya Wales, umebandikwa kifuani, na kabla ya saa sita walishaitafuna mibichi kwa kushindana, kwa hiyo ukumbi ulinuka liki kila kona. Lilibaki shindano moja tu, la kiti, na hilo ndilo alilolisubiri Leanne.

Kiti chenyewe kilikuwa pale katikati ya jukwaa, cha mti wa mwaloni, kirefu mgongo na kipana mikono. Aliyekichonga ni babu yake, mzee Idwal Gethin. Kwa miaka ishirini na miwili mzee huyo alichonga kiti cha kumpa mwanafunzi aliyeandika shairi bora kwa Kiwelshi, na kwa miaka ishirini na miwili kiti kikaenda nyumbani kwa watu wengine. Leanne alishika msasa tangu ana miaka minne. Alivisugua viti hivyo, akavipaka nta, akavipenda, halafu akaviaga mlangoni vikipakiwa kwenye gari la shule. Cha mwaka huu kilitokana na mabenchi ya Bethania, kanisa la zamani la mjini lililovunjwa kiangazi kilichopita ili pawe na maegesho ya magari. Vidole vya Babu sasa vilikuwa vimepinda hivi kwamba patasi ilimdondoka kila baada ya dakika tano, na mwezi wa kwanza alitamka wazi kuwa hiki ndicho cha mwisho.

Leanne alikitaka kiti kile. Hakutafuta alama za timu yake ya Taf, ingawa kilikuwa na alama ishirini na Taf walikuwa nyuma kwa kumi na mbili, wala hakutafuta sifa. Alitaka kikae jikoni kwao karibu na dirisha, mahali ambapo Babu hunywea chai.

Shida ni kwamba kama kungekuwa na shindano la kumpata adui mkuu wa somo la Kiwelshi, Leanne angelishinda bila kupigiwa kura. Tangu Septemba serikali ilikuwa imeamuru kila mtoto wa Wales asome Kiwelshi mpaka afikishe miaka kumi na sita, atake asitake, na ratiba ya shule ilipopangwa upya vipindi hivyo viliangukia palepale penye ufundi wa mbao. Mjukuu wa fundi akaondolewa karakana, akaketishwa mbele ya vitenzi. Aliwaka. Aliliandikia barua gazeti la mji, nalo likaichapa pamoja na picha yake amekunja mikono, chini ya kichwa kilichouliza watoto watalazimishwa hadi lini. Baada ya hapo yeye na rafiki yake Craig Tudge walizunguka madarasani wakikusanya sahihi za kupinga. Walipata mia mbili na kumi na nne. Zilikuwa kwenye begi la Craig, na Craig alikuwa amekaa kando yake ameukumbatia ule mzigo kama mayai, wakisubiri Jumatatu waukabidhi kwa mkuu wa shule.

Sasa mtu wa namna hiyo aliingiaje kwenye shindano la shairi la Kiwelshi? Aliingizwa kwa nguvu, na hapo hasira zake zilikuwa halali kabisa. Mwalimu Menna, aliyefundisha Kiwelshi kwa moyo wote na kwa sauti iliyokwisha kukauka, alitangaza kuwa kila mwanafunzi wa darasa lake lazima atumbukize kitu kwenye sanduku la mashindano. Leanne alipomuuliza aandike nini ikiwa hana la kusema, mwalimu alikuwa na jibu tayari.

“Andika kwamba hunipendi,” akamwambia. “Andika kwamba hukitaki. Ila andika kwa Kiwelshi, mwanangu, maana mimi nikisoma Kiingereza chako nasinzia.”

Basi Leanne akaamua kumfuata neno kwa neno. Wiki mbili, kila akitoka shule, alikaa kwenye kibanda cha Babu, kamusi ikiwa juu ya boksi la misumari, msasa mkono mmoja na kalamu mkono wa pili. Alianza kwa kutukana, na akagundua kuwa kutukana vizuri kunahitaji maneno mengi kuliko aliyokuwa nayo. Akatafuta mengine. Siku moja alimuuliza Babu kama baba yake aliongea Kiwelshi. Babu akasema ndiyo, mzee alikiongea huko chini mgodini, akakiongea na Mungu wake pale Bethania, lakini akivuka kizingiti cha nyumba alikivua kama buti lenye matope, akaongea na watoto Kiingereza ili wafike mbali. “Na nimefika mbali,” Babu akasema huku akipuliza vumbi la mbao. “Nimefika mpaka kwenye kibanda hiki.” Leanne hakucheka. Siku hiyo alichana kila alichokuwa ameandika na kuanza upya.

Kanuni ya shindano ni kwamba shairi linapigwa chapa, na mwenyewe anajificha nyuma ya jina la siri, ili jaji asijue anayemsoma ni nani. Leanne alijipa jina la Bethania, kwa ajili ya mbao, na alijiona mjanja sana kwa kubuni kitu ambacho hakuna mwingine angekifikiria.

Saa tisa na dakika kumi, jaji alipanda jukwaani. Alikuwa Bwana Alcwyn Rosser, muuza maziwa mstaafu kutoka magharibi, mtu ambaye inasemekana nyumbani kwake wageni huketi kwenye viti vya ushindi kwa kukosa viti vya kawaida. Kwapani alibeba karatasi kama thelathini. Kila mtu aliyezaliwa Wales anajua kinachofuata hapo: jaji huchambua washindani wote mmoja mmoja, anawasifu, anawachoma, anawapapasa walipoungua, na watu wanakaa kimya wakijaribu kubahatisha nani ni nani. Hiyo ndiyo nusu ya raha yenyewe.

Lakini kwaya zilikuwa zimekula muda. Mabasi ya shule yalishapanga foleni getini, na madereva wake hawana subira ya mashairi. Mkuu wa shule, Bwana Pugsley, aliyekuja mjini mwaka uleule na asiyejua hata salamu ya Kiwelshi, alitazama saa, akapanda ngazi mbili, akamnong'oneza jaji kitu. Jaji akamtazama kama aliyeombwa avue suruali. Bwana Pugsley akaonyesha vidole viwili. Dakika mbili. Mwalimu Menna, pale pembeni ya pazia, alifumba macho, maana alijua kwamba katika nchi ile ni afadhali umkatize mhubiri kuliko umkatize jaji wa mashairi. Bwana Alcwyn alizikunja zile karatasi thelathini, akazisukuma mfukoni pamoja na heshima yake.

“Nimeambiwa kuna mabasi,” akasema kwa ubaridi. “Basi mshindi yupo, na anastahili. Ikilia tarumbeta, asimame Bethania, na Bethania peke yake.”

Damu yote ya Leanne ilipanda kichwani. Bethania. Alisikia jina lake la siri likitembea ukumbini, watu mia saba wakigeuza shingo kulia na kushoto, wengine wakisimama kwenye ncha za vidole. Ameshinda. Ameshinda, na furaha ilimjaa ghafla hivi kwamba ilibidi ajizibe mdomo kwa kiganja. Halafu akaliona begi kwenye magoti ya Craig.

Tarumbeta ikalia. Mpigaji alikuwa mtoto mdogo wa kidato cha kwanza, na mlio wa mwisho ulimponyoka kidogo, lakini nywele za Leanne zilisisimka vilevile. Aliangalia mbele, upande wa wageni, akamwona Babu ameweka kofia juu ya goti, shingo imegeuka nyuma kama ya watu wengine wote, akisubiri kuona safari hii kiti chake kinakwenda kwa nani. Macho ya Babu yakampita Leanne bila kusimama. Hakumdhania hata kidogo. Leanne hakuvumilia tena, akasimama.

Upande wa pili wa ukumbi, safu ya nne, Heledd Parri naye akasimama.

Kicheko kikalipuka. Heledd alikuwa binti wa mchungaji, Kiwelshi alikinyonya kwa mama yake, na mwaka jana na mwaka juzi kiti kilikuwa chake. Nani mwingine angekuwa Bethania kama si yeye, mtoto wa mchungaji aliyehubiri kule mpaka siku ya mwisho? Timu ya Nedd walianza kuimba jina lake. Naye Leanne, kila mtu alimjua kwa ile picha ya mikono iliyokunjwa. Wakadhani ni mzaha, tena mzaha mzuri, na sauti kutoka nyuma zikamhimiza aendelee. Bwana Pugsley hakuona kichekesho. Alimpungia mkono akae chini.

Craig alimvuta sketi. “We, kaa bwana. Umeshachekesha, inatosha.”

“Sichekeshi.”

“Unafanya nini basi?”

“Nimesimama,” Leanne akasema.

Angeweza kukaa. Angefunika mambo kwa tabasamu, watu wangemsifu kwa utani, na Jumatatu angeingia ofisini na sahihi zake bila doa. Lakini akikaa, kile kiti kingepakiwa kwenye gari kwa mara ya ishirini na tatu, na hakungekuwa na mara nyingine.  Akabaki wima.

Jukwaani, Mwalimu Menna na Bwana Alcwyn walikuwa wameinamiana. Jaji alitoa zile karatasi mfukoni, akazipekua, na taratibu uso wake ukabadilika kutoka hasira hadi furaha kubwa. Alirudi mbele akitembea kama mtu aliyerudishiwa mali yake. Aliwaeleza watu kwamba walipokea mashairi mawili yenye jina la Bethania, na kwamba yeye na mwalimu walidhani yote ni ya mtu mmoja, jambo ambalo kanuni inaruhusu. Angelisema hilo katika hukumu yake, kama angeruhusiwa kuisoma. Hapo alimgeukia Bwana Pugsley, akatulia kidogo ili ukumbi mzima umtazame mkuu wa shule, naye mkuu wa shule akaitazama saa yake ambayo sasa haikumsaidia.

“Nilidhani ni mtu mmoja mwenye hali mbili,” jaji akasema. “Shairi moja limechana nywele. Jingine limeamka sasa hivi na halitaki kuongeleshwa. Kiti ni cha hilo la pili.”

Leanne alihisi kicheko kikimpanda kifuani. Akamwona Heledd, kule ng'ambo, amefungua mdomo.

Jaji alimwomba Heledd aseme mstari wake wa kwanza. Heledd akausema, juu ya mwanga wa asubuhi uliokuwa ukipita katika vioo vya Bethania na kulala kwenye mabenchi matupu, na ulikuwa mzuri kweli, hata wasiojua neno walijua ni mzuri. Jaji akainamisha kichwa kwa heshima, akamwambia kwamba mwaka mwingine wowote angemkalisha kitini bila kufikiri mara mbili. Ukumbi ukanguruma. Nedd wakaacha kuimba. Vichwa vyote mia saba vikamgeukia Leanne, na safari hii hakuna aliyecheka.

Bwana Pugsley alisogea tena. Alisema kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi na kila mtu akasikia, kwamba binti huyu ndiye aliyeandika gazetini, na ingefaa kuhakikisha kuwa hakuandikiwa na mtu.

Mwalimu Menna alitoka nyuma ya pazia kwa hatua ndefu. Leanne hakuwahi kumwona akiwa na sura ile. “Muulizeni mwenyewe,” akasema. “Ana mdomo. Huo naujua vizuri.”

“Haya, binti,” jaji akamwita Leanne. “Lote kama unaliweza.”

Aliliweza lote. Alilijua kama mtu anavyojua ngazi za kwao, kwa kuwa alilipanda na kulishuka wiki mbili akisugua mkono wa kulia wa kiti kile. Alianza kwa sauti ndogo, kwa Kiwelshi chake cha darasani chenye lafudhi nzito ya bonde lao la migodi, Kiwelshi kilichojikwaa kidogo kwenye herufi za kooni:

*Sitaki lugha hii.*
*Baba wa babu yangu aliitia mfukoni pamoja na tumbaku,*
*akaenda nayo kaburini bila kumgawia mtu.*
*Sitaki. Imenyang'anya mbao mikononi mwangu.*
*Sitaki. Ina miiba kooni na mwalimu asiyechoka.*

Hapo darasa lake zima lilicheka, na Mwalimu Menna akafunika uso kwa kiganja. Craig alicheka kuliko wote, kisha akanyamaza ghafla na kukunja uso. Alikuwa ametambua kwamba hakuna aliyemtafsiria. Alielewa tu, mwenyewe, na jambo hilo lilimkera sana.

Sauti ya Leanne ilikuwa imepata nguvu.

*Mnasema ni yangu, tena mnasema ni lazima.*
*Kama ni yangu, mbona mnanishika mkono?*
*Niachieni. Nipeni.*
*Nitaibeba mwenyewe.*

 Kwanza alipiga makofi Heledd Parri, peke yake, akiwa bado amesimama, na alipiga kwa nguvu. Halafu ukumbi wote ukalipuka. Taf walikuwa juu ya viti, wekundu watupu kwa rangi ya timu yao, wakikanyaga sakafu mpaka vumbi likaruka, na Nedd waliokuwa wakiwazomea asubuhi nzima wakakanyaga pamoja nao. Leanne alitembea kuelekea mbele. Alipompita Heledd, Heledd alimshika kiwiko.

“Umenipora kiti, wewe.”

“Umekuwa navyo viwili,” Leanne akamjibu. “Utakalia vingapi?”

Heledd akacheka, akamsukuma mbele.

Wakamsimamisha kando ya kiti, wakamtia joho la zambarau lililokuwa refu kwake kwa futi nzima. Mwalimu wa historia akainua upanga mkubwa wa sherehe juu ya kichwa chake, akauchomoa nusu kutoka kwenye ala, na jaji akauliza kwa sauti ya kengele kama kuna amani. Mara tatu anauliza, na mara tatu ukumbi lazima ujibu. “Heddwch!” walinguruma, amani, watoto wa wachimba makaa na wa wahudumu wa maduka, wale mia mbili na kumi na wanne walioweka sahihi pamoja na wote ambao hawakuweka. Upanga ukarudi ndani ya ala, na Leanne akakaa. Kidole chake kikaenda chenyewe chini ya mkono wa kulia wa kiti, kikapata pale alipousugua mpaka ukalainika kama sabuni. Babu alikuwa amesimama upande wa wageni. Kofia ilikuwa imeanguka na wala hakuitafuta.

Mabasi yalichelewa dakika ishirini na tano. Madereva walipiga honi, hakuna aliyejali.

Craig alimfuata Leanne nyuma ya jukwaa akiwa na begi lake, hajui alishike vipi. Aliuliza sasa sahihi hizi wazifanyeje.

“Jumatatu asubuhi, palepale,” Leanne akamwambia. “Kwani nimesema nimekubali? Nataka kipindi changu cha mbao.”

“Na kiti?”

“Kiti nimeshinda. Shika huku, kizito.”

Walikibeba mpaka kwenye gari la Babu, Craig upande mmoja na Leanne upande wa pili, mzee akiwaelekeza kwa maneno mengi wasiguse mwimo wa mlango. Walipokwisha kukifunga kwa kamba, Craig akakimbilia basi. Babu akaegemea gari. Macho yake yalikuwa mekundu, na alisema ni baridi ya Machi.

Alikiri kwamba hakuelewa neno hata moja isipokuwa lile la amani, ambalo amelipigia kelele miaka ishirini na miwili. Watu walicheka, akacheka. Walipiga makofi, akapiga. Lakini yule mama aliyekaa pembeni yake alikuwa analia, naye aliona aibu kumuuliza kwa nini.

“Uliwaambia nini, mjukuu wangu?”

Leanne akamwambia, mstari kwa mstari, kwa Kiingereza chao cha kila siku. Alipofika kwenye tumbaku alisita, akaogopa, kisha akasema tu. Babu akapapasa mguu wa kiti uliochomoza nje ya gari, mbao ambayo baba yake aliikalia kila Jumapili.

“Ilikuwa kwenye kopo la bati, si mfukoni,” akasema mwishowe. “Hiyo tumbaku. Lakini mengine ni kweli.”

Alijifuta pua, akatazama huku na huku kama kuna mtu wa kusikia, halafu akauliza ule mstari wa mwisho unasemwaje kwa Kiwelshi. Leanne akausema. Babu akajaribu, akakwama kooni, akatoa mlio wa randa iliyogonga msumari. Akapunga mkono kukata tamaa na kufungua mlango wa gari. Leanne akaufunga mlango kwa kiuno.

“Tena, Babu.”

“Nina miaka sabini na tatu, mtoto wewe. Ni lazima?”

“Lazima,” Leanne akasema. “Rudia.”

Mzee Idwal Gethin akamtazama, akavuta pumzi, akarudia.